Faili Lako Ni Kubwa Mno

Intaneti haina choyo ikiwa ndiyo inayotoa. Nikifungua simu kutazama goli moja tu la jana, inanimwagia matangazo, marudio, uchambuzi wa watu wanne waliovaa suti, na video za watu wasionihusu zinaanza kucheza zenyewe kabla sijagusa kioo. Hainiulizi kama bando langu linatosha. Hainiulizi kama nimekula. Lakini siku mimi nikitaka kuipa kitu, tena chenyewe ni karatasi moja ya cheti cha kuzaliwa cha binti yangu, inakunja uso: "Faili lako ni kubwa mno."

Kubwa kuliko nini? Haisemi. Maelekezo ya mfumo ule wa maombi ya chuo niliyasoma yote, maana mimi ni mtu wa kusoma maelekezo. Hata kopo la dawa ya mbu nalisoma mpaka upande wa Kichina. Paliandikwa cheti kiwe halisi, kiwe na rangi, kiwe safi na kisomeke. Kuhusu ukubwa hapakuwa na neno. Neno lilikuja baadaye, kwa maandishi mekundu, baada ya ule mstari wa kijani kutambaa kutoka kushoto mpaka kulia, kufika asilimia 100, na kukaa pale muda wa kutosha mtu kuinua mikono na kushukuru.

Kukataliwa kwenyewe hakuniudhi. Mimi nimekataliwa na benki, na wakwe, na kamati za harusi. Kilichoniudhi ni kukataliwa baada ya kupokelewa. Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kujenga tovuti, alinieleza jambo hilo huku akila chakula changu. Mifumo mingi ya namna hii inalipokea faili zima kwanza, inalipima, halafu inalitupa. Yaani MB nilizonunua kwa pesa yangu zimesafiri vizuri, zimefika salama, zimehesabiwa, zimetupwa. Bando halirudi.

"Kwani hawawezi kulipima kabla halijaondoka?" nikamuuliza.

"Wanaweza, mjomba. Brauza inajua ukubwa wa faili tangu ulipolichagua, hata kabla hujabonyeza kutuma. Ni mistari miwili mitatu tu ya kuandika."

"Sasa mbona hawakuiandika?"

Akameza tonge. "Labda ilikuwa Ijumaa."

Baada ya kuchimba sana nikakipata kile kikomo. Kilikuwa kimefichwa chini kabisa ya ukurasa wa Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: MB 2 kwa kila faili. Nikakipa heshima yake. Nilijua hii ni sera. Nikawaona wataalamu mezani, maji ya chupa, posho, mvutano mkali kati ya kambi ya MB 2 na kambi ya MB 3, mwenyekiti akiomba utulivu, muhtasari ukisainiwa kila ukurasa.

Mpwa wangu alicheka mpaka akakohoa. "Mjomba, hiyo ni difoti."

Difoti ndiyo mpangilio ambao programu inakuja nao ikiwa bado haijaguswa na mtu. PHP, lugha iliyojenga sehemu kubwa ya tovuti tunazozifahamu, inakuja na mstari unaosema faili moja lisizidi MB 2 na fomu nzima isizidi MB 8. Nginx, programu inayokaa mlangoni mwa seva nyingi duniani, inakuja na MB 1 tu. Wale wanaotumia ASP.NET ya Microsoft walianzia KB 4,096, ambazo ni MB 4. Wote hao wameandika pembeni kwamba namba hiyo mwenye nyumba aibadilishe apendavyo. Hakuna kikao kilichokaa. Hakuna sera. Kuna kijana aliyeuweka mfumo, akaona unawaka, akaenda nyumbani, na tangu siku hiyo wazazi wa nchi nzima wanazunguka na vyeti.

Na namba hizi ni za zama zake. Kitufe cha kuchagua faili kwenye fomu ya tovuti hakikuwapo tangu mwanzo. Fomu zilipokea maandishi tu. Mwaka 1995, Ernesto Nebel na Larry Masinter wa kampuni ya Xerox ndio walioandika pendekezo la kukiongeza. Wakati huo diski ya kuchomeka kwenye kompyuta ilibeba MB 1.44, hivyo mtu mwenye faili la MB 2 alikuwa mtu wa uwezo. Leo simu ya kawaida ikipiga picha ya kuku uani, picha inaweza kutoka na MB 4. Kuku mmoja, tena kasimama vibaya, haingii kwenye mfumo wa maombi.

Basi tukaenda steshenari.

Steshenari ndiyo wizara ya kweli ya TEHAMA katika nchi hii. Yetu iko karibu na kituo cha daladala, ina mlango mmoja, kompyuta mbili, na mashine ya fotokopi ambayo mfuniko wake umekandamizwa kwa rimu ya karatasi. Nje pana bango: AJIRA, MIKOPO, TIN, LESENI, PASIPOTI, SODA BARIDI. Kibodi imetumika mpaka herufi A imefutika kabisa. Ukitaka kuiona unakisia. Kijana wa pale ana kisikilizio kwenye sikio moja, lile jingine ndilo la wateja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nina cheti, mfumo unasema kikubwa."

"Kuskani mia tano. Kupunguza elfu moja."

Hapo nikasimama kidogo. Kukitengeneza kitu ni mia tano, kukiharibu ni elfu. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wazazi wengine, kila mmoja na bahasha yake ya kaki, nikaona si mahali pa mjadala. Nikatoa elfu.

Akaniambia nimtumie faili kwa WhatsApp. Nikamtumia. Akalifungua, na desktopu yake ikatokea mbele ya macho yangu ikiwa imesheheni vyeti vya mtaa mzima: vya kuzaliwa, vya ndoa, vya kidato cha nne, vitambulisho mbele na nyuma. Sikutaka kuangalia, ila macho hayana pazia. Niliona cheti cha jirani yangu mmoja na mwaka aliozaliwa, ambao si ule anaotutajia sisi. Tangu siku hiyo namsalimia "shikamoo" na hajui kwa nini.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni sheria nzuri. Sidhani kama imewahi kupita steshenari.

Kijana akafungua tovuti fulani ya ng'ambo inayopunguza PDF bure, akaanza kulisukumia huko faili la binti yangu. Mstari wa kijani ukatokea tena. Nikauliza:

"Hapa unafanya nini?"

"Napakia, mzee, ili lipunguzwe."

"Subiri kwanza. Faili limeshindwa kupakiwa kwa sababu ni kubwa. Sasa tunalipakia, ili liwe dogo, ili lipakiwe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na huko ng'ambo hawalalamiki kwamba ni kubwa?"

"Hao wanapokea tu."

Watu tusiowajua, katika nchi tusiyoijua, bila kutuomba hata shilingi, walipokea cheti cha kuzaliwa cha Mtanzania bila kinyongo. Aliyekikataa ni yule aliyekiomba.

Faili likarudi na KB 180. Kijana akanionyesha kwa fahari. Muhuri ulikuwa umebaki doa la bluu. Namba ya cheti ilikuwa na tarakimu ambayo ingeweza kuwa 3, 6 au 8, kulingana na imani ya mtu. Sahihi ya msajili ilikuwa imeungana na mstari wa chini yake. Mfumo ukalimeza faili lile bila swali, na siku kadhaa baadaye ukajibu: "Nyaraka haisomeki. Tafadhali pakia upya."

Hapa lazima niseme jambo la kitaalamu, kwa sababu nimeumia vya kutosha kustahili kulisema. Njia ya JPEG ya kubana picha ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kawaida: sura za watu, miti, bahari, ambako ukiondoa vitu vidogo jicho halishtuki. Maandishi ni kingo kali za weusi juu ya weupe, na kingo kali ndizo zinazoumia mapema ukibana sana. Kwa hiyo kuliminya faili lililokwisha tengenezwa ndiyo njia mbaya kuliko zote. Njia ya maana ni kuliskani upya kwa kiasi: ukishusha dpi, yaani vidoa kwa kila inchi, kutoka 600 hadi 150, vidoa vinavyohesabiwa vinapungua mara 16, na ukiondoa rangi mahali ambapo rangi haitakiwi, vinakuwa vyepesi zaidi. Cheti kinasomeka vizuri na hakifiki MB 1. Nilipomwambia kijana, akaangalia mashine yake na kukuta imewekwa 600 tangu alipokuja mteja mmoja wa picha za pasipoti. Haikuwahi kurudishwa. Difoti nyingine hiyo, ila hii ilikuwa na ubaridi wa soda pembeni.

Sasa hayo ni ya karatasi. Ya video yanataka kifua.

Mdogo wangu wa kike anaishi Muscat, na hakuja kwenye harusi ya mwanangu wa kwanza. Tangu siku ile ananitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, video iko wapi?" Ujumbe wenyewe una dakika nyingi, nao unafika mara moja, kwa sababu unakuja kwangu. Mpiga video alinikabidhi kazi yake kwenye flashi, faili moja la GB 6, ambamo GB kama 2 ni watu wakipanga mstari wa chakula.

Nikaanza na baruapepe. Gmail inapokea kiambatanisho kisichozidi MB 25, na hata hiyo 25 usiiamini sana. Baruapepe ilitengenezwa kubeba herufi tu. Ukitaka ibebe picha au video, kila baiti 3 za faili lako zinageuzwa kuwa herufi 4, ndipo zisafiri. Kwa hiyo faili linanenepa kwa theluthi moja kabla halijatoka mlangoni. Unaambatanisha MB 20 huku una amani ya moyo, kumbe njiani ni karibu 27. Hiyo ndiyo teknolojia pekee ninayoifahamu ambayo mzigo ukikataliwa kwa uzito, sehemu ya uzito ameiongeza mbebaji.

WhatsApp nayo ukituma video kama video, inaibana mpaka bibi harusi hatofautiani na wapambe. Ukiituma kama dokumenti inaiacha ilivyo, na tangu mwaka 2022 inakubali hadi GB 2. Yangu ni 6. Mpiga video akasema anaweza kuikata vipande vitatu kwa malipo kidogo. Nikamuuliza kwani huko nyuma nilimlipa kwa ajili ya nini.

Shida kubwa iko kwenye kasi, na hapa kampuni za simu zinatuchezea kwa ustadi, kila moja kwa rangi yake. Kwanza wanatangaza Mbps, ambazo ni biti, wakati mafaili yetu yanapimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Tangazo la 16 maana yake ni MB 2 kwa sekunde, siku ambayo jirani zako wote wamesafiri. Pili, hiyo kasi ya kwenye bango ni ya kupakua. Ya kupakia haitajwi. Mitandao imepangwa hivyo makusudi, kwa hesabu kwamba sisi tutapokea sana na kutoa kidogo. Hata laini za zamani za ADSL zilibeba habari hiyo kwenye jina lenyewe, kwani ile A ya mwanzo inawakilisha kutolingana. Nikipima kwangu jioni napata Mbps 2 za kupakia. GB 6 kwa mwendo huo ni muda wa saa 6 na dakika 40, kama hakuna kitakachokatika. Nani ameishi Dar es Salaam muda wa saa 6 na dakika 40 bila kitu kukatika?

Na kikikatika, unaanza upya. Hilo ndilo linalonitoa machozi. Umefika asilimia 91, umeme unayumba, ruta inazima na kuwaka, na mfumo haukumbuki kwamba mlikuwa na mazungumzo. Ile Nginx niliyoitaja, kwa mpangilio wake wa kuzaliwa nao, ikikaa sekunde 60 bila kupokea chochote kutoka kwako inafunga mlango. Sekunde 60! Mimi kwenye simu ya benki nimewahi kusikiliza muziki wa kusubirishwa mpaka nikaujua.

Mpiga video ndiye aliyenipa akili. "Mzee, mbona unateseka? Flashi si ipo? Mpe abiria."

Bila shaka. Ndugu wa Mbeya walipoitaka video hiyohiyo, flashi iliwekwa kwenye bahasha, ikaandikwa jina na namba ya simu ya mpokeaji, ikakabidhiwa kwa kondakta pamoja na boksi la samaki wakavu. Fanya hesabu: flashi ya GB 64 ndani ya basi linalotumia saa 14 ni zaidi kidogo ya Mbps 10, mfululizo, bila kukatika, na dereva akisimama Morogoro kula bado wastani ni huohuo kwa sababu nimeshauhesabu humo. Basi linanipita kasi ya kupakia nyumbani kwangu mara 5. Na halijawahi kumwambia mtu kwamba bahasha yake imezidi MB 2.

Wala si mzaha wa Kiafrika tu, ingawa Waafrika ndio walioutia nakshi. Septemba 2009 kampuni moja ya Afrika Kusini, ikiwa imechoshwa na laini yake, ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi yenye GB 4 mguuni, akaruka kutoka Howick kwenda Hillcrest karibu na Durban, kiasi cha kilomita 80. Alifika kwa saa 1 na dakika 8. Ukiongeza muda wa kuihamishia data kwenye kompyuta, jumla ilikuwa kama saa 2, na laini ilikuwa imefikisha asilimia 4 ya mzigo uleule. Amazon, ambao wanauza nafasi za kuhifadhi mafaili na huwezi kusema hawana intaneti, mwaka 2016 walizindua lori lenye kontena la futi 45 la kubebea data za wateja wakubwa, kwa sababu kuzipitisha kwenye waya kungechukua miaka. Kwa hiyo mtu mwenye bahasha mbele ya ofisi za mabasi pale stendi ya Magufuli asijione mshamba. Yuko kwenye kundi la Amazon.

Ya Muscat ilikwenda na mwanamke mmoja wa Unguja anayerudi kwa mumewe, ndani ya kopo la achari. Mdogo wangu ameipata. Sasa ananitumia ujumbe wa sauti kulalamika kwamba hakutajwa kwenye risala.

Turudi kwenye mfumo, maana binti bado alikuwa hajapokelewa. Nikapiga simu ya msaada. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, jambo ambalo liliniharibia kabisa hasira niliyokuwa nimeiandaa.

"Baba, jaribu kubadilisha brauza."

Nikabadilisha.

"Basi baba, jaribu usiku, mfumo unakuwa mwepesi."

Huu ushauri wa usiku nchi nzima imeupata. Mwisho wa maombi ni saa 5:59 usiku, na kila mzazi, kila kijana wa steshenari, kila mtahiniwa tangu Kagera hadi Mtwara ameambiwa ajaribu usiku, kwa hiyo usiku wa mwisho tunakutana wote mlangoni na PDF zetu. Halafu lile bando la usiku, lile la bei nafuu ambalo lingeweza kutuokoa, linaanza saa 6 kamili. Dirisha linafungwa saa 5:59, bando linafunguliwa saa 6. Sisemi wamekaa pamoja wakapanga. Nasema hata wangekaa pamoja wasingeweza kupanga vizuri kiasi hicho.

Kwa haki yao, zipo siku ambazo mfumo hauna kosa. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja huko kusini, na Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Nchi ilikaa kimya, watu wakaongea na wake zao. Siku ile pia, alipopiga rafiki yangu mmoja kuuliza kuhusu faili lake, aliambiwa ajaribu kubadilisha brauza.

Mtu anaweza kudhani kupokea faili kubwa ni fumbo ambalo sayansi bado haijalifumbua. Limefumbuliwa zamani. Mtu anayehamisha kabati kwenye nyumba yenye mlango mwembamba halikatai kabati wala halisagi. Analifungua skurubu, anapitisha mbao moja moja, analifunga ndani. Brauza ya leo inaweza kulikata faili vipande, kuvituma kimoja kimoja, na kipande kilichopotea njiani kinatumwa tena hichohicho. Amazon wanapokea kwa vipande tangu mwaka 2010: kila kipande kianzie MB 5, isipokuwa cha mwisho, na vinaweza kufika 10,000. Tangu 2013 kuna utaratibu wa wazi uitwao tus, wa bure, ambao kazi yake nzima ni kuiuliza seva "tuliishia wapi?" na kuendelea kutoka hapo. Mpwa wangu anasema kuufunga hakuhitaji hata wiki. Nikamuuliza kama yeye ameufunga kwenye mifumo anayoijenga. Akasema wateja hawajauomba. Nikamnyang'anya sahani.

YouTube ndiyo inayonikata maini. Akaunti iliyothibitishwa inaruhusiwa kupakia video moja hadi GB 256 au saa 12, na umeme ukikatika inaendelea pale ilipoishia. Kijana akitaka kuuonyesha ulimwengu jinsi anavyokula ugali bila kutumia mikono, kwa muda wa saa 12, mlango uko wazi, anapokelewa kipande kwa kipande, anabembelezwa. Binti yangu na daraja lake la kwanza anaambiwa MB 2, na akiteleza aanze upya, na ada ya maombi haitarudishwa.

Nyinyi mnaojenga mifumo hii, sitawaomba tus wala vipande, najua bajeti imekwisha. Nawaomba kidogo tu. Kabla hamjazindua na kukata utepe, mmoja wenu aende steshenari yoyote akiwa na simu yake na bando la shilingi elfu moja, ajaze fomu hiyo mpaka mwisho. Kikomo kiandikwe juu ya kitufe, kabla ya kubonyeza. Halafu mfungue faili la php.ini, mtafute mstari wa upload_max_filesize, mfute 2, muandike 20. Mkumbuke na post_max_size nayo ipande ifike 25, la sivyo itakuwa hamjafanya kitu. Kama mlangoni kuna Nginx, kuna mstari wa client_max_body_size nao ubadilishwe. Mwashe seva upya. Mpwa wangu amenihakikishia ni kazi ya dakika 5, hata kama ni Ijumaa.